Soma Tena Hapo pa Ukungu

3 Februari. Asubuhi ukungu mzito, ulikaa mpaka saa nne.

Dada,

Shikamoo. Nimeanza na hali ya hewa kama ninavyoanza kwenye daftari langu. Najua utacheka na kuniita Kalenda, lakini nikiacha kuandika tarehe na anga najiona kama sijaamka.

Mwambie Mama kwamba ukungu wa huku haupiti juu kama moshi. Unashuka mpaka chini, unakaa uani katikati ya kamba, na mashuka yanaonekana kama watu waliosimama wakisubiri kuitwa. Saa nne tunayakuta yamelowa kuliko tulivyoyaanika. Juzi tulipata mvua ya mawe, vioo vya wodi ya watoto vikapasuka. Mzee wa boila, anayetuchemshia maji ya kufulia, alitoka nje amejifunika beseni kichwani, akarudi ananiambia, "Binti, leo mbinguni wanapepeta."

Kazi naipenda. Tunapokea mashuka ya hospitali nzima na kutenga yenye damu na yasiyo na damu. Yenye damu yanalowekwa kwanza kwenye maji baridi, maana maji ya moto huipika damu ikakaa humo milele. Mchana napiga pasi. Mkono wa kushoto bado haugeuki vizuri, lakini pasi za hapa ni nzito, ukishaielekeza inakwenda yenyewe. Chumba changu kiko nyuma ya stoo ya dawa, kina kitanda, meza na dirisha moja. Bado nalala taa ikiwaka.

Sasa habari niliyotaka kukupa. Jana nimejiandikisha kupiga kura.

Unakumbuka uchaguzi uliopita. Ulikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Mume wangu alimwambia msimamizi, "Mke wangu hajui kusoma, nitaingia naye kumsaidia." Mimi niliyemaliza kidato cha nne, niliyekuwa nikimsomea maelekezo kwenye maboksi ya vifaa vyake vya umeme! Nilinyamaza. Mle ndani alinishika mkono, akaubana palepale ulipovunjika, akaweka alama anayotaka yeye kwa vidole vyangu. Tulipotoka nikasikia mama mmoja anasema, "Tazama anavyomtunza mwenzake. Ndiyo maana wanamwita Mpole." Uchaguzi mdogo wa kabla ya ule hata foleni sikuifika, kadi aliifungia kabatini na ufunguo akaenda nao kazini. Kwa hiyo nimeolewa miaka sita na sijawahi kupiga kura yangu mwenyewe. Safari hii nataka kuingia peke yangu, nisome karatasi mpaka mwisho, nitoke.

Endelea kutuma barua kwa sanduku la posta la yule mkunga aliyenisaidia kutoroka, lililo mji mwingine, yeye ananiletea. Simu sitaki tena. Unajua mara ya kwanza nilipokimbia, mume wangu alinipata kwa laini ile.

Mdogo wako,
Kalenda


14 Februari

Kalenda wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na imechakaa tayari, maana Mama amenifanya niisome mara nne. Siku hizi macho yake yanaona mwanga tu, kwa hiyo anakaa kwenye kiti cha kona pale saluni, mimi nasoma kwa sauti. Pa mashuka anatikisa kichwa. Pa kura anaguna. Pa ukungu ananisimamisha: "Soma tena hapo pa ukungu." Nasoma. "Eti kama watu wanaosubiri kuitwa," anasema, anacheka peke yake. Wateja wangu sasa wanaijua barua yako kama matangazo ya redio.

Kuhusu kura, mdogo wangu, umelogwa? Kura yako moja ndiyo itakayowatikisa wakubwa? Umetoka na nguo uliyovaa, umepata kazi na mlango unaofungwa kwa ndani. Tulia. Jifiche, kula, nenepa. Mambo ya kura tuachie sisi tuliokaa.

Huku hatujambo. Nyaya za saluni ziliungua tangu mwaka jana, draya ikafa, nikawa nakausha nywele za watu kwa jua kama samaki. Sasa tumepata fundi. Mtu mzuri sana, anakuja Jumamosi, anapanda darini na redio yake ndogo, anatengeneza, hachukui hata senti. Kasoro yake ni moja tu: kila akija anabakiza waya mmoja wa kumalizia wiki ijayo. Mama anasema nyumba hii ina waya mrefu kuliko reli.

Huyo fundi anakutakia heri. Anasema ujifunike vizuri kifua, ukungu wa kukaa mpaka saa nne si wa kuchezea, hasa huko kwenye mvua ya mawe.

Mama anakusalimu.

Dada yako


23 Februari

Dada,

Fundi gani?

Sikuandika hali ya hewa na sitaandika. Nimesoma mstari wako wa mwisho nikiwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha pasi, nikashindwa kuingia. Mzee wa boila aliniuliza kama nimepata msiba.

Nani alimwambia fundi habari za ukungu? Nani alimwambia habari za mawe? Ile mvua ilitangazwa kwenye redio, Dada, kwa jina la mji. Miji iliyopigwa na mawe siku ile na yenye hospitali kubwa haifiki mitatu. Kama fundi huyo ni yeye, mume wangu, usiniandikie maelezo. Niandikie neno moja tu, ndiyo.

Kuna lingine. Leo nimekwenda ofisi ya msajili wa wapiga kura. Ni mwanamke wa makamo, ana miwani ya kamba, anakaa nyuma ya dirisha la kioo na kuzungumza kupitia tundu. Nilitaka kujua kadi yangu itatumikaje. Akaniambia kwamba tarehe ishirini Machi orodha itabandikwa ukutani: majina yote matatu, picha, na kituo cha kupigia. Nakala inakwenda kila ofisi ya wilaya nchini, na yeyote anaruhusiwa kuitazama.

"Hata mtu wa mbali?"

"Hata wa mbali. Ndiyo maana ya orodha ya wazi, mama. Tukiificha, waliokufa watapiga kura."

Nikamwambia anifute. Akanitazama, akautazama mkono wangu niliouweka mezani, akauliza taratibu, "Unamkimbia nani?" Nikasema simkimbii mtu. Akasimama, akafunga lile tundu, akatoka kwa mlango wa pembeni akaja kukaa nami kwenye benchi.

Alisema sheria ina mlango mdogo ambao watu wengi hawaujui. Mtu ambaye maisha yake yako hatarini anaweza kuombewa awe mpiga kura aliyefichwa. Ukutani jina lake halionekani, picha haionekani, kinabaki namba tu. Lakini lazima mmoja kati ya watatu atie sahihi: mahakama, mkuu wa polisi, au daktari mkuu wa hospitali. Na iwe kabla ya tarehe kumi na tano Machi.

Nimemwambia nitafikiri. Ama nifutwe, ama niende nikamweleze daktari ambaye hajawahi hata kunisalimu. Kwanza nisubiri jibu lako.

Kalenda


4 Machi

Mdogo wangu,

Ndiyo.

Barua yako nimeisoma chooni, mlango nimeubana kwa komeo na kwa mguu.

Ulisema nisieleze, lakini nikikaa nayo nitapasuka. Alikuja mwezi wa kumi na mbili na dawa ya macho ya Mama. Alisimama nje, hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Alilia, Kalenda. Alifuta machozi kwa taulo la saluni, akasema hataki urudi, anataka tu kujua kama unakula. Sikumwambia uko wapi, kwa sababu hata mimi sijui, na nilijiona mjanja: kitu nisichokijua atakitoaje kwangu? Nikamwacha atengeneze umeme. Nilikuficha jambo hili kwa kuwa nilijua utanikataza, na draya niliihitaji.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda kwa Mama, nikamnong'oneza. Hakushtuka. Akasema, "Mimi sioni, lakini nasikia. Ile redio yake huimba juu ya dari kutwa nzima. Wewe ukianza kusoma barua, inanyamaza."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani na yeye anapenda ukungu."

Nikatazama dari kana kwamba bado yuko pale juu, na ilikuwa Jumanne, hakuwepo.

Jumamosi iliyofuata alikuja kama kawaida. Nilimpa chai, kikombe kikigongana na kisahani, nikasema nina malaria. Aliuliza kama kuna barua. Nikasema barua gani. Akacheka: "Ya kutujulia hali, shemeji." Kisha akasema, huku anakunja waya, kwamba mwezi huu watabandika orodha za wapiga kura, na yeye siku hizi anapenda sana kusoma. Sijui kama alikuwa anatania.

Nikasema tumfukuze. Mama akasema hapana, mtu akifukuzwa atajua amejulikana, ataondoka siku hiyohiyo kwenda kwenye ukungu. Akafikiri. Halafu mama yetu huyu, anayelalamika akisikia mtoto wa jirani amedanganya umri, akasema: "Mwambie aandike joto."

Tunataka barua nyingine, ya uongo, ya kusomwa kwa sauti akiwa darini. Ya kweli utaiweka kando yake, nami nitaisoma chooni tena.

Lakini kuhusu kura bado nasema futa jina. Nakuomba. Uchaguzi utakuja mwingine, wewe hutakuja mwingine.

Dada yako


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijakasirika. Nilikasirika siku mbili, nikafua, ikaisha. Nyumba ile nimekaa humo miaka sita, najua anavyolia.

Jina sifuti. Nisikilize kabla hujaanza kupiga kelele chooni. Nilipokuwa naondoka kwake nilimwachia vyombo, kitanda, cherehani, hata vyeti vyangu vya shule. Niliona ni sawa, ni vitu. Sasa nikifuta jina, nitakuwa nimemwachia na hili, na safari hii hatakuwa ameninyang'anya, nitakuwa nimempelekea mwenyewe. Nitakaa huku nimejificha vizuri kabisa, kama mtu ambaye hayupo. Huko ndiko alikokuwa ananipeleka, Dada. Alitaka nisiwepo.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari mkuu. Nilikuwa nimejikaza kisabuni, nimepanga maneno, nimevaa sare safi. Alidhani nimekuja kudai glavu za idara. Nilipofungua mdomo maneno yote yalikimbia, nikabaki nimeinyoosha ile karatasi ya msajili. Aliisoma. Akasimama, akafunga mlango, halafu akaufungua kidogo tena na kuuliza, "Tuuache hivi, au tuufunge?" Sijui kwa nini swali hilo ndilo lililoniliza. Nikasema auache wazi.

Aliuomba mkono, akaugeuza pole pole mpaka ulipogoma. "Ulitibiwa wapi?" Nikasema sikutibiwa, nilifungiwa kitenge. Akauliza kama kuna mahali pengine. Nikamwonyesha. Hakusema pole. Alikaa akaandika, akapiga muhuri, akaniambia, "Hii naipeleka mwenyewe kwa msajili, haitapita kwa karani." Kisha akauliza habari za glavu, na glavu zimeletwa.

Barua ya uongo iko ndani ya hii. Niliiandika mara tatu. Unajua tangu darasa la sita sijaandika anga ambalo sikuliona, hata siku zile mbaya niliandika kwanza mvua au jua ndipo nikaandika mengine. Kuandika joto nikiwa nimevaa sweta mbili kulinitia aibu kuliko kumwonyesha daktari mgongo. Msomeeni vizuri.

Jambo moja: siku ya kura, ukiingia na Mama kumsaidia, weka alama anapotaka yeye. Hata kama ni yule usiyempenda. Hata kama unaona amekosea.

Kalenda


10 Machi. Asubuhi joto tangu alfajiri, upepo wa chumvi.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimehama kule kwenye baridi, kifua kilinishinda. Mkunga amenitafutia kazi huku chini, kwenye ile bandari ndogo ya kupakia saruji. Nafua nguo za nyumba ya wageni karibu na lango la pili. Mashuka yanakauka kabla sijamaliza kuyaanika, na asubuhi yana vumbi jeupe. Mwambie Mama hapa hakuna ukungu hata kidogo.

Nitapiga kura hukuhuku, nimeshajiandikisha. Orodha ikibandikwa nitakwenda kutazama picha yangu, nasikia nimetoka vizuri.

Usinifikirie sana. Huku hakuna anayenijua.

Mdogo wako,
Kalenda


17 Machi
Ofisi ya Msajili wa Wapiga Kura

Kwa mhusika,

Unaarifiwa kwamba maombi yako yamekubaliwa. Katika orodha itakayobandikwa tarehe 20 Machi, na katika nakala zote zitakazosambazwa, taarifa zako zitawakilishwa na namba iliyo ndani ya bahasha iliyoambatishwa. Siku ya uchaguzi utafika katika kituo kilichotajwa humo na kuonyesha bahasha hiyo kwa msimamizi mkuu wa kituo pekee. Hutatakiwa kutaja jina lako.

Msajili

Naongeza kwa mkono: kuna desturi vituoni ya kuita jina la mpiga kura kwa sauti ili mawakala wa vyama waweke alama kwenye orodha zao. Wakikuita jina, usiitikie. Baki kimya mpaka msimamizi aje. Nimekwisha kuzungumza naye, lakini watu husahau. Mimi nitakuwa nazunguka vituoni siku hiyo.


24 Machi

Kalenda,

Kaa chini nikusimulie, maana sijawahi kuona mama yetu akiigiza.

Jumamosi alikuja, akapanda. Redio ikaanza. Nikasubiri mpaka nikapata mteja wa kusuka, ili ionekane kawaida. Nikasema, "Mama, kuna barua imeletwa." Nikaifungua kwa kelele, kama mtu anayefungua zawadi. Nikaanza: "Asubuhi joto tangu alfajiri." Juu kukanyamaza. Mteja wangu akasema, "Dada, mbona unavuta hivyo, utaning'oa." Nikamwambia atulie.

Nilipofika kwenye vumbi jeupe, Mama akapiga paja: "Masikini mwanangu, atakohoa! Soma tena hapo pa bandari." Nikasoma tena. "Lango la ngapi?" "La pili, Mama." "La pili," anarudia, kwa sauti ya kiziwi, na masikio yake yanasikia sisimizi. Halafu akaongeza lake, ambalo hatukulipanga: "Na ukungu wake aliokuwa anausifu, ndiyo umekwisha hivyo." Akaanza kulia. Nilidhani anaigiza. Hakuwa anaigiza.

Alishuka kabla ya saa sita. Akasema waya umekwisha. Wiki zote hizo, na siku ile waya ukaisha! Aliosha mikono, akamshika Mama bega, akamwambia, "Mama mkwe, mambo yatakuwa mazuri." Jumatatu majirani wakaniambia amesafiri, amesema ana kazi ya saruji.

Kwa hiyo yuko huko chini anasoma kuta. Naye ametuambia anapenda kusoma.

Mimi nimekwenda wilayani Jumatano, nikajifanya natafuta jina langu. Nikaomba orodha ya miji yote yenye baridi. Kijana wa pale akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nimesoma mpaka macho yakaniuma, Kalenda. Sikukuona mahali popote. Niliona mistari michache yenye namba tu, bila sura, nikaweka kidole kwenye mmoja nikasema labda ni huyu. Sijui kama niliweka kwako. Nilifurahi kwamba sijui.

Nimefuta maneno yangu. Piga kura. Mama naye anasema siku ya kura nikimwekea alama pasipotakiwa atanikanyaga mguu.

Dada yako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Hii ni fupi. Alirudi wiki iliyopita, hakupata alichotafuta. Umeme hatuna kwa sasa, nyaya zote za darini zimetoka. Alilala kituo cha polisi siku mbili, ametoka kwa dhamana, ameamriwa asikanyage hapa mpaka kesi isikilizwe. Kitasa tumebadilisha. Mama alitoa maelezo yake mwenyewe kwa polisi, na walipomuuliza atamtambuaje mtu asiyemwona, aliwaambia wawashe redio halafu wazime.

Mkono wangu wa kulia umechoka kidogo, ndiyo maana mwandiko umelala. Usijali. Kusuka nitarudi.

Nenda kapige kura yako. Uniambie umempigia nani.

Dada


19 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Mwandiko wako haujalala, umeandika kwa mkono wa kushoto. Mkono uliochoka naujua. Mimi niliuita hivyohivyo, kwako na kwa Mama, miaka yote, nanyi mkaniambia nipumzike. Sitakuambia upumzike. Nenda hospitali wakuwekee plasta kabla mfupa haujashika vibaya kama wangu. Usiseme umeanguka. Mkunga atakuwa stendi yenu Alhamisi saa mbili asubuhi. Kama wewe na Mama mtataka kuondoka naye, chumba changu kina nafasi ya godoro moja, na mzee wa boila ameahidi la pili. Kama hamtataka, mpe tu maneno, mtapanga.

Umeniuliza nimempigia nani. Nakunakilia ukurasa wangu wa jana kama ulivyo. Usome mwenyewe, kisha umsomee Mama sikioni, kisha uuchome.

"18 Aprili. Asubuhi ukungu, mwembamba, unaona mtu akiwa hatua chache.

Nilitoka na bahasha ndani ya gauni. Kituo ni darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani, ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya. Foleni ndefu. Mbele yangu alisimama mwanaume mwenye mabega kama ya mume wangu, na fulana ya rangi kama yake. Ukungu ulinizuia kumwona vizuri. Niligeuka kuondoka. Nilikuwa nimekwisha kutoka kwenye mstari alipopiga chafya na kugeuka, akawa mzee wa boila. Akasema, 'Binti, unakwenda wapi? Nimekushikia nafasi.' Nikarudi.

Ndani, karani akaniuliza jina. Nilinyamaza. Akarudia kwa sauti zaidi. Wakala mmoja akainua kalamu: 'Ataje jina, kama wenzake! Tutajuaje si marehemu?' Watu wakacheka. Nilitoa bahasha nikaishika tu. Karani akanyoosha mkono kuichukua, sikumpa. Mwingine akasema, 'Huyu hajui kusoma, asaidiwe.' Nikasema, 'Najua kusoma. Msimamizi mkuu, tafadhali.' Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Msimamizi akaja, akafungua, akasoma, akanirudishia. Wakala akataka kuchungulia, akaambiwa akae. Msimamizi akatangaza namba, namba peke yake, na mawakala wote wakainamisha vichwa wakaiwekea alama. Nje ya dirisha nilimwona msajili amesimama na miwani yake ya kamba. Hakunisalimu. Nilielewa.

Karani akauliza, safari hii kwa adabu, 'Unahitaji mtu wa kukusaidia, mama?' Nikasema hapana.

Niliingia peke yangu. Nilisoma karatasi yote, majina yote, na maandishi madogo ya chini yanayotaja kiwanda kilichoichapa. Nikaanza tena juu. Huko nyuma mtu akakohoa. Nikashika kalamu, na hapakuwa na mkono mwingine juu ya wangu. Nikaweka alama. Nikakunja.

Nimempigia

Nimeacha wazi hapo juu kwa makusudi. Hata daftari hili halitajua.

Saa tisa alasiri nilirudi kazini nikapiga pasi mashuka ya wodi ya wazazi. Kidole kina wino, nililishika kila shuka kwa vidole vingine nisilichafue. Ukungu haukurudi jioni. Nilikula, nikaosha sahani, nikazima taa.

Nililala saa tatu kasoro robo."